Milango ya Serikali Hii ni Mingi

Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya jumuiya yetu, Maryland, kuadhimisha miaka 60 ya Uhuru, Desemba 2021



Kamati iliponiomba nizungumze leo, nadhani walitegemea niwaambie habari za shinikizo la damu na sukari. Mnanijua. Nimekuwa muuguzi hapa Marekani miaka mingi, na kila mkutano huwa natembea na kile kipimo changu cha presha. Leo nimekiacha kwenye gari. Nimeomba nizungumzie Katiba ya nchi hii tunayoishi, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka 2018 niliapa kuwa raia wa Marekani. Kama mnavyojua, sheria ya kwetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku ile nilipata kimoja nikapoteza kingine. Leo nikitaka kwenda kumsalimia mama yangu Tanga, nalipa viza ya dola 100 kama mtalii. Nilipompigia simu jioni ile kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe ni wa nani?" Sikuwa na jibu. Nilijibu maswali yote ya yule ofisa wa uhamiaji, lakini la mama lilinishinda.

Kwa ajili ya mtihani wa uraia wakati ule tulikuwa tunapewa maswali 100 ya kusoma. Ofisa alikuwa anakuuliza hadi 10, ukipata 6 ulikuwa umefaulu. Wengi wetu tumeyakariri tukiwa kwenye basi, au usiku tukisubiri kengele ya mgonjwa. Tukishafaulu, karatasi tunaiweka juu ya kabati na hatuigusi tena. Mimi pia niliiweka juu ya kabati. Kilichonifanya niishushe ni mwaka 2020.

Mnakumbuka mwisho wa Machi mwaka ule. Amri ya kubaki nyumbani ilipotoka, haikutoka Ikulu ya Marekani. Sisi wa Maryland tulipewa na Gavana wetu. Wenzetu wa Virginia, ng'ambo ya mto Potomac, walipewa na Gavana wao. Wa jijini Washington walipewa na Meya wao. Mimi nilikuwa navuka mpaka kwenda kazini, na masharti yalikuwa yanabadilika darajani. Kaka yangu akanipigia kutoka nyumbani: "Kwani Rais wenu hana nguvu? Si aamuru mara moja nchi nzima?" Wakati huohuo ile hundi ya dola 1,200 haikutoka kwa Gavana, ilitoka kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Kongresi. Nikatambua kwamba ninaishi ndani ya nyumba ambayo sijui vyumba vyake.

Kwa hiyo twende taratibu. Nyumba hii ilijengwaje, na kwa nini ina milango mingi hivi?

Sisi tulipata Uhuru Desemba 9, 1961, na siku hiyohiyo tulikuwa na Katiba na serikali moja tayari. Wamarekani haikuwa hivyo. Makoloni 13 yalitangaza Azimio la Uhuru mjini Philadelphia Julai 4, 1776, yakiwa vitani na Mwingereza. Makoloni hayo yakajigeuza majimbo, na kila jimbo likajiona ni nchi. Mapatano yao ya kwanza ya kuungana, yaliyokamilika mwaka 1781, yalikuwa legelege kwa makusudi, kwa sababu walikuwa wametoka kumkimbia mfalme na hawakutaka mwingine. Hapakuwa na Rais mwenye madaraka ya kuongoza serikali. Hapakuwa na Mahakama ya Juu. Kongresi iliweza kuyaomba majimbo pesa, lakini haikuweza kutoza kodi. Na kubadili neno moja katika mapatano yale kulihitaji majimbo yote 13 yakubali.

Mimi na ninyi tunajua jumuiya inayoishi kwa michango ya hiari inavyokuwa. (Kicheko.) Askari waliopigana vita walikaa bila malipo yao. Madeni yakalundikana. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, wengine wao askari wa zamani, wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu ili mashamba yao yasiuzwe kwa madeni. Serikali kuu haikuwa na jeshi la kutosha wala pesa ya kulilipa.

Septemba mwaka huohuo uliitishwa mkutano wa kuzungumzia biashara baina ya majimbo. Uliitishwa hapa kwetu, Annapolis. Majimbo matano tu ndiyo yalituma wajumbe, jumla yao watu 12. Na Maryland, mwenyeji mwenyewe, haikutuma mtu! Mwenyekiti, usikate tamaa na mahudhurio ya mikutano yetu. Hao 12 hawakuwa na akidi ya kuamua lolote, lakini walifanya jambo moja la busara: waliandika kuomba mkutano mkubwa zaidi uitishwe Philadelphia mwaka uliofuata.

Mkutano huo ndio uliozaa Katiba. Ulianza Mei 1787 na ukamalizika Septemba 17, katika jengo lilelile la Azimio la Uhuru. George Washington alikuwa mwenyekiti. Walihudhuria wajumbe 55 kwa nyakati mbalimbali, na Rhode Island haikutuma hata mmoja. Ugomvi mkubwa ulikuwa baina ya majimbo makubwa na madogo. Virginia yenye watu wengi ilitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu. Delaware ikasema, tukikubali hivyo tutamezwa. Mwisho wakagawana. Bunge likawa na sehemu mbili: Baraza la Wawakilishi linalofuata idadi ya watu, na Seneti ambamo kila jimbo, liwe kubwa au dogo, lina viti viwili. Ndiyo maana leo kuna wawakilishi 435 na maseneta 100.

Waliotia sahihi ni 39. Waliokataa pia tuwakumbuke. Mmoja wao ni George Mason wa Virginia, ambaye jina lake vijana wetu wanalijua kwa sababu ya chuo kikuu kilichopo pale Fairfax. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba Katiba haikuwa na orodha ya haki za watu. Majimbo tisa yalitakiwa kuikubali ndipo ianze kufanya kazi. Yalipatikana Juni 1788, na Washington akaapishwa kuwa Rais wa kwanza Aprili 30, 1789. Lakini lile dai la haki halikufa. Desemba 15, 1791, marekebisho 10 ya kwanza yalikubaliwa: uhuru wa dini, wa kusema, wa kukusanyika, kutopekuliwa ovyo, na mengine. Kwa hiyo mtu aliyekataa kutia sahihi naye ameacha alama yake ndani ya Katiba.

Sasa niwaeleze mfumo wenyewe kwa lugha ya kazini kwangu.

Mgonjwa anapohitaji kuongezewa damu, mimi peke yangu siwezi kumpa, hata kama nina uzoefu wa miaka ishirini. Daktari ndiye anayeandika. Maabara ndiyo inayolinganisha damu yake na ya kwenye mfuko. Mimi ninaipokea. Kisha tunasimama wauguzi wawili kando ya kitanda, tunasoma jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mfuko kwa sauti. Nisiporidhika, nasimamisha. Familia huwa inakasirika: mbona mnachelewa, mgonjwa wetu anaumia! Ni kweli tunachelewa. Lakini damu isiyo yake inaweza kumuua, na mtu aliyechoka saa tisa ya usiku anaweza kukosea hata akiwa na moyo mwema.

Waliotunga Katiba hii walifikiri hivyohivyo kuhusu madaraka. Kongresi inatunga sheria na kuidhinisha pesa. Rais anatekeleza sheria na ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Mahakama inatafsiri. Kisha kila mmoja akapewa namna ya kumsimamisha mwenzake. Rais anaweza kuikataa sheria kwa kura ya turufu. Kongresi inaweza kumshinda ikipata theluthi mbili katika mabaraza yote mawili. Rais anateua majaji wa Mahakama ya Juu; Seneti isipokubali, hawakai. Majaji wakishakaa, Rais aliyewateua hawezi kuwafukuza. Na tangu kesi ya Marbury na Madison ya mwaka 1803, Mahakama inaweza kusema sheria fulani inapingana na Katiba, na sheria hiyo ikafa.

Kuna jambo linalotuchanganya sisi tuliokulia Tanzania. Kwetu waziri lazima awe mbunge, anatoka Baraza la Mawaziri anaingia bungeni kujibu maswali. Hapa Katiba inakataza. Mbunge akiteuliwa kuwa waziri, kiti chake cha bunge anakiacha. Hawakutaka mkono uleule uandike dawa na kuichoma.

Januari mwaka huu tuliona mfumo huu ukijaribiwa. Tarehe 6 watu walivamia Bunge wakati kura za wajumbe wa uchaguzi zikihesabiwa. Wengi wenu mnaishi umbali wa nusu saa kutoka pale, simu zilikuwa haziachi kulia kutoka nyumbani. Usiku uleule Kongresi ilirudi ukumbini, ikamaliza kuhesabu kabla hakujakucha. Miezi miwili baadaye, Machi 17, tukampoteza Rais Magufuli, na tarehe 19 Makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kama Katiba yetu inavyosema. Siku hizo kila mtu alikuwa anauliza, "Katiba inasemaje?" Ushauri wangu kama muuguzi: usingoje mgonjwa azimie ndipo uanze kusoma faili lake.

Sasa tuje kwenye majimbo, maana hapa ndipo tunapopotea zaidi.

Watanzania tuna bahati, tunajua maana ya mambo ya Muungano. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, yaliorodheshwa mambo 11 ya Muungano, na orodha imeongezeka baadaye. Jambo lisilokuwa kwenye orodha, Zanzibar inajiamulia. Marekani ina mpango unaofanana na huo, ila kwa majimbo 50. Katiba inataja madaraka ya serikali kuu: vita, sarafu, posta, uraia, biashara kati ya majimbo, na mengine. Rekebisho la 10 linasema madaraka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Na Gavana si kama Mkuu wa Mkoa. Hakuteuliwa na Rais, na Rais hawezi kumwondoa. Amechaguliwa na watu wa jimbo lake.

Ndiyo maana kaka yangu sikuweza kumjibu kwa neno moja. Afya ya jamii, shule, polisi, leseni ya gari, ndoa na mirathi, kwa sehemu kubwa ni mambo ya jimbo na kaunti. Hata leseni yangu ya uuguzi haikutolewa na Marekani. Mtihani niliofanya ni mmoja nchi nzima, lakini leseni inatolewa na jimbo.

Kutojua hili kuna gharama. Mama mmoja wa jumuiya yetu amenipa ruhusa nieleze yaliyompata bila kumtaja. Alikuwa na bima ya Medicaid. Mwaka 2019 akapata barua ya kumtaka athibitishe upya kipato chake. Kwenye televisheni alikuwa anaona wakubwa wa Washington wanabishana kuhusu bima ya afya, akaamini barua ile inahusu ubishi ule. Akasema, nitasubiri Rais aamue. Barua ikakaa ndani ya Biblia. Tarehe ikapita, bima ikakatika, dawa za sukari zikaisha, naye akaona haya kusema. Aliletwa hospitali sukari yake ikiwa imepanda kiasi cha kutojitambua. Niliingia zamu nikamkuta kitandani, mtu aliyenipikia uji nilipojifungua.

Medicaid inalipiwa kwa pesa za serikali kuu na za jimbo kwa pamoja, lakini anayeiendesha ni jimbo. Rais hakuwa na habari na barua ile. Alipopata nafuu, tulipiga simu ofisi ya mjumbe wetu katika Bunge la Jimbo kule Annapolis. Msaidizi wake alipokea mwenyewe, akatuambia fomu gani na ipelekwe wapi. Bima ilirudi. Simu moja! Mlango ulikuwepo siku zote. Sisi tulikuwa tumesimama kwenye mlango mwingine, tena wa mbali, tukiutazama kwenye televisheni.

Nisiwafiche, Katiba hii ilizaliwa na ugonjwa mbaya. Watu walioandika habari za uhuru, wengi wao walimiliki watumwa, Washington na Mason wakiwamo. Katika kugawana viti vya Baraza la Wawakilishi, walikubaliana watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, na hao watumwa hawakuwa na kura hata moja. Wakazuia biashara ya kuingiza watumwa isipigwe marufuku kabla ya mwaka 1808. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Mtu kama mimi, kama ninyi. Harriet Tubman na Frederick Douglass, waliotoroka utumwani, walizaliwa hapahapa Maryland.

Ilichukua vita vya wenyewe kwa wenyewe kuuondoa ugonjwa huo kwenye maandishi. Rekebisho la 13, mwaka 1865, likafuta utumwa. La 14, mwaka 1868, likasema aliyezaliwa hapa na kuwa chini ya sheria za nchi hii ni raia. La 15, mwaka 1870, likakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. La 19, mwaka 1920, likawapa wanawake kura. Wenzetu wa Washington, rekebisho la 23 lililowapa kura ya Rais lilipitishwa mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, na mpaka leo hawana seneta hata mmoja. Yote pamoja ni marekebisho 27 tu, kwa sababu mlango huu ni mzito: unahitaji theluthi mbili za mabaraza yote mawili, kisha majimbo 38 kati ya 50.

Ndugu zangu ambao bado hamjawa raia, lile la 14 lisikilizeni vizuri. Linapozungumzia ulinzi sawa wa sheria, halisemi "raia". Linasema "mtu yeyote". Katika miaka ya 1880 Wachina waliokuwa na madobi mjini San Francisco walinyimwa vibali huku wengine karibu wote wakipewa. Hawakuwa raia. Walikwenda mpaka Mahakama ya Juu, wakashinda, kwa sababu ya neno hilo: mtu. Wewe mwenye grini kadi, mwenye viza ya masomo, unayebeba maboksi usiku kucha, ni mtu.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

Kwanza, mlio raia: mwakani, 2022, Maryland tunachagua Gavana, wabunge wote wa jimbo na viongozi wa kaunti. Si mwaka wa kumchagua Rais, kwa hiyo najua wengi mtataka kulala. Msilale. Hao ndio wenye shule za watoto wenu na ile Medicaid. Jiandikisheni. Sisi tuliolipia uraia huu kwa kuacha ule wa kuzaliwa, kutopiga kura ni sawa na kununua nguo kwa bei kubwa na kuifungia sandukuni.

Pili, ambao si raia: msijiandikishe kupiga kura wala msiseme ninyi ni raia, hata mtu akiwashawishi ofisi ya leseni za magari. Mnaweza kufukuzwa nchini. Kuna miji michache ya hapa Maryland, kama Takoma Park tangu mwaka 1992, inayowaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura za mji tu. Ulizeni ofisi ya mji kwanza. Lakini kuandika barua kwa mwakilishi, kusimama kwenye mkutano wa bodi ya shule na kusema, hiyo ni haki yenu pia.

Tatu, naiomba kamati itengeneze karatasi moja ya Kiswahili: jambo gani, mlango upi, namba ipi. Ibandikwe kwenye friji ya kila nyumba. Mimi najitolea kuandika ya afya.

Namalizia pale Annapolis. Desemba 23, 1783, George Washington, akiwa ameshinda vita na ana jeshi nyuma yake, aliingia katika jengo la Bunge la Maryland, ambako Kongresi ilikuwa inakutana, akarudisha ukamanda wake, akaenda nyumbani. Jengo hilo bado lipo, na bado ni Bunge la Jimbo. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alifanya la namna hiyo, akang'atuka, akarudi Butiama. Binadamu wa aina hiyo hawazaliwi kila siku, ndiyo maana Katiba inaandikwa.

Mama yangu bado yupo, namshukuru Mungu. Mwezi uliopita nilimpigia nikamwambia, "Mama, lile swali lako la 2018 nimepata jibu. Mimi ni wako na wa Tanga, hilo halina fomu ya kulifuta. Na huku nina kazi ya kufanya." Akacheka, akaniuliza kama nimekula.

Heri ya miaka 60 ya Uhuru. Kipimo cha presha nitakileta baada ya chakula.